Kadi Moja kwa Wake Wawili

Filister alikuwa na macho. Ndivyo majirani zake wa pembezoni mwa mji wa Awendo walivyomsema, na si kwamba wengine walikuwa vipofu. Walimaanisha kuwa hata akiwa ameinama kusugua sufuria alijua nani amepita njiani, amebeba nini, na jioni amerudi na nini. Alijua lori lipi la miwa limezidisha mzigo kwa kusikiliza tu linavyopanda mlima. Ila kwa miaka saba sasa macho yale yalikuwa na kazi moja kubwa, nayo ni kuitazama nyumba ya pili.

Nyumba ya pili ilisimama hatua arobaini kutoka kwake, pale ambapo desturi ya Waluo humweka mke wa pili. Hatua zile alizipima mwenyewe siku fundi alipokuja kuchimba msingi. Humo aliishi Millicent, aliyetoka kisiwa cha Takawiri, mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo, mpishi wa samaki mpaka watoto wa mwenzake wakawa hawali vizuri kwa mama yao. Kwa kuwa hakuwa na mtoto, hakuna aliyeweza kumwita Mama Fulani. Filister alikuwa Mama Jack kwa kila mtu, kuanzia mchungaji hadi muuza mafuta ya taa. Millicent alibaki Nyar Takawiri, binti wa Takawiri, kana kwamba alikuja jana kutembea. Filister ndiye aliyehakikisha jina hilo halizeeki.

Mume wao, Willis, alikuwa msimamizi wa malori katika kampuni ya kusafirisha miwa. Kanisa la Wasabato lilimwondoa kwenye ushirika alipooa mke wa pili. Filister alibaki, na kila Jumamosi alikaa benchi la mbele, ili watu wamwone aliyebaki. Mapenzi, alijiambia, alikwisha kuyaachia wenye umri wao. Lakini jioni Willis akirudi alisikiliza viatu. Vikija upande wake alisema moyoni, leo amekumbuka. Vikipinda kule alisema, nilijua. Kisha aliwatazama watoto wake wanne, Jacktone, Cephas, Lavenda na Cate, akaona mizani imelingana. Kule kuna mume, huku kuna watoto. Kwa hesabu hiyo aliweza kulala.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni kadi. Kampuni ya akina Willis ilikuwa na bima nzuri ya matibabu: mfanyakazi, mke mmoja, watoto wanne. Jina la mke liliandikwa zamani, kabla ya Takawiri kujulikana katika boma lile, na jina hilo lilikuwa Filister. Alikuwa na ugonjwa wa presha, na kila baada ya miezi miwili alikwenda hospitali moja ya kibinafsi mjini Homa Bay kuchukua vidonge. Kadi aliiweka ndani ya Biblia, katikati ya kitabu cha Ruthu, na hakuna aliyeigusa. Mara moja tu, mwezi wa kumi na mbili, Willis aliiomba kwa majuma mawili. Alisema kampuni inahakiki kadi zote. Filister akampa. Macho yote yale, na siku ile yalikuwa yakitazama kwingine.

Mwezi wa kwanza alisimama mbele ya dirisha la mapokezi kule Homa Bay, akatoa kadi. Msichana wa pale, Nyatichi, aliitazama kompyuta, akamtazama yeye, akarudi kwenye kompyuta.

"Mama, leo ni presha au ni ile kliniki nyingine?"

"Kliniki ipi?"

"Ya kutafuta mtoto."

Filister akacheka. "Binti yangu, ninao wanne. Wa mwisho ana miaka tisa. Na hii miaka yangu arobaini na nne, huyo mwingine nikimpata nitambeba kwa mkokoteni?"

Nyatichi hakucheka. Aliinama karibu na dirisha, akashusha sauti. "Hapa inasema ulikuja mwezi wa kumi na mbili mara tatu. Ukapigwa picha ya mirija ya uzazi, yote miwili imeziba. Daktari akaandika hujawahi kushika mimba. Tukaomba bima ilipie matibabu ya kupandikiza mimba, bima ikakataa. Ikasema Filister ana watoto wanne, na wote wamo kwenye kadi hii hii." Akaigeuza kadi. "Sasa mama, hata mimi nimechanganyikiwa. Wewe ni nani?"

Filister aliivuta kadi yake kutoka dirishani. Alichukua vidonge vyake, akatoka, akapita kando ya ziwa ambako wanawake walikuwa wamepanga sangara kwenye meza. Siku zote alinunua samaki Homa Bay. Siku ile hakununua. Samaki wote walimwangalia kwa uso wa Takawiri.

Kilichomchoma hakikuwa kwamba kadi imetumiwa. Watu hutumiana vitu. Kilichomchoma ni kwamba mahali fulani, ndani ya mashine isiyosahau, pameandikwa kuwa Filister ni tasa. Yeye, aliyemzaa Lavenda shambani akiwa bado ameshika kamba ya ng'ombe. Mwanamke yule alikuwa amechukua mume, akachukua ulimi wa watoto kwa samaki, na sasa amechukua hata jina, akalipeleka hospitali na kulirudisha likiwa na ugonjwa wake.

Willis alirudi jioni. Viatu vilikuja upande wake, kwa bahati mbaya yake.

"Nimesikia natafuta mtoto," Filister alisema kabla hajaketi.

Willis alivua kofia. Alikuwa mtu mkubwa, mzoefu wa kupigia madereva kelele, lakini nyumbani alizungumza kama mtu anayepita kando ya mbwa aliyelala. "Nani amekwambia?"

"Kompyuta. Ina adabu kuliko wewe. Imeniambia usoni."

"Mama Jack, bima yetu imeanza kulipia hayo matibabu tangu mwaka jana. Lakini ni kwa mke aliyeandikwa. Sasa mimi ningefanya nini?"

"Ungeniuliza."

"Ungekubali?"

Filister alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Basi sasa nakuuliza," Willis akasema. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akainyoosha juu ya meza kwa kiganja. Ilikuwa fomu ya kubadilisha jina la mke. Mke aliyeandikwa atie sahihi kwamba amekubali kutoka, mke mpya aingie. Watoto hawaguswi. Mwisho wa kuipokea ni siku ya mwisho ya mwezi wa pili. Ikipita hapo, mpaka mwaka ujao. "Ana miaka thelathini na saba. Daktari amesema kila mwaka unaopita ni mlango unafungwa."

"Na mimi na presha yangu?"

"Kuna ile kadi ya serikali. Zahanati ya hapa wanakupa vidonge."

"Wanapokuwa navyo."

"Wanapokuwa navyo," Willis alikubali.

"Yaani unitoe."

"Si nyumbani, Mama Jack. Ni kwa karatasi tu."

"Willis, katika nchi hii kitu gani si karatasi?"

Alijua alichokuwa akisema. Kule kwao karibu na Magunga, alikokulia akifukuza nyani kwenye mahindi, kulikuwa na mwanamke aliyezaa sita na dereva mmoja. Dereva akafa. Ofisi ikafungua faili, ikaita jina lililoandikwa mle, na jina halikuwa lake. Mwenye watoto sita alirudi kwa kaka zake na godoro moja. Filister alikuwa msichana siku hiyo godoro lilipopita. Shule aliiacha darasa la saba, lakini somo lile alilihitimu.

Aliichukua fomu, akaiweka chini ya godoro lake, akailalia.

Siku zikapita, naye akitazama. Alimtazama Millicent akisuka nywele za Cate kwenye kizingiti cha nyumba ya pili, mtoto amefumba macho kwa raha. Alimtazama akianika blanketi, naye akahesabu ni mito mingapi ya kulalia imeanikwa. Ukewenza una hesabu zake, na Filister alizijua zote: kule akizaliwa mtoto, mizani itaanguka. Willis atakuwa na kila sababu ya kwenda upande ule, na huku kutabaki mwanamke wa makamo mwenye vidonge. Naye ndiye anayeombwa kushika taa mwizi aone vizuri.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki ya tatu ya mwezi wa pili, mapema kuliko kawaida. Hapo Filister akakumbuka kwamba ana kitu kingine cha kulalia.

Katika boma la Mluo, mke wa kwanza, mikayi, ndiye anayetoa mbegu. Hakuna mke mwingine anayetia hata punje ardhini kabla yake. Ukiruka, wanasema, unaita msiba mlangoni. Willis alikuwa mtu wa kucheka mila mpaka zamu yake ifike. Tayari alikuwa amekodi ng'ombe na plau, shamba lote likalimwa, lake Filister na lile la nyumba ya pili lililo chini yake, jeusi na laini kama uji. Debe la mbegu lilikuwa chini ya kitanda. Fomu ilikuwa juu kidogo, chini ya godoro. Filister alilala juu ya vyote viwili.

"Mama Jack, mvua inaenda," Willis alisema siku ya kwanza.

"Iende salama."

Siku ya saba jirani yao, mzee Maranga, alisimama kwenye ua wa miti. Mahindi yake yalikuwa yameanza kuchungulia. "Mama Jack, jembe limevunjika?"

"Halijavunjika. Linafikiri."

"Lisifikiri sana. Mvua haina subira ya jembe."

Habari zikaenea. Wanawake wa kanisani walimuuliza kama ni mgonjwa. Shamba la Millicent lilikuwa tupu, na hilo Filister alilifurahia. Kisha akitazama lake, nalo lilikuwa tupu vile vile, na watoto wanne watakula nini mwezi wa saba hakujua. Wivu ni kama kufunga mlango wa nyumba inayowaka ukiwa ndani. Aliona hivyo, lakini hakufungua.

Zikiwa zimebaki siku tatu mwezi uishe, Millicent alivuka zile hatua arobaini. Ilikuwa saa nne asubuhi, watoto wako shule, Willis kazini. Hakubeba samaki. Alikataa kiti, akakaa kwenye ngazi ya mlango, chini ya usawa wa macho ya mwenzake.

"Mama Jack."

"Nyar Takawiri."

"Sijaja kwa ajili ya karatasi."

"Basi umekuja kwa mbegu."

"Wala mbegu. Watoto watakosa chakula, hilo unalijua kuliko mimi. Nimekuja kwa sababu ya jina lako. Baba Jack anasema ulilia."

"Sikulia. Moshi."

Millicent alichora chini kwa kijiti. "Kule Homa Bay muuguzi aliita Filister. Nikasimama. Akaniuliza, umezaa mara ngapi? Nikanyamaza. Akasema, hapa kwa kadi naona watoto wanne. Nikasema, ndiyo. Akaniuliza majina. Nikamtajia. Jacktone, Cephas, Lavenda, Cate. Nikamwambia Cate ana pumu, asubuhi ya baridi lazima avae ile sweta ya kijani, na hapendi shingo yake."

Filister aliacha kuchambua maharagwe.

"Kwa daktari ndiyo nikasema ukweli, maana yeye anaona mwenyewe. Lakini kabla ya hapo nilikaa kwenye benchi kama nusu saa nikiwa wewe. Mama mmoja akaniuliza, wa kwanza yuko kidato gani? Nikamwambia cha tatu, na karo inatumaliza. Nilisema vile, inatumaliza." Alitabasamu, akaacha. "Sitakudanganya. Ilikuwa nusu saa tamu kuliko siku ya harusi yangu."

"Ulikuwa huna haki."

"Sikuwa nayo."

"Nani alikwambia Cate hapendi shingo ya ile sweta?"

"Cate."

"Mimi hajaniambia."

"Wewe unamvalisha tu, Mama Jack. Una wanne, huna nafasi ya kuuliza." Kisha, bila kupandisha sauti, akasema, "Unafikiri ni wewe peke yako mwenye dirisha? Kila asubuhi nafungua langu kidogo. Nakuona ukiwaita, na wao wanaitika wamenuna. Mmoja hataki kuoga, mwingine amepoteza kiatu. Miaka saba, hakuna hata mtu mmoja amewahi kuninunia mimi."

Filister alirudia maharagwe yake. Maisha yake yote alidhani wivu hutiririka upande mmoja, kama mito inavyoshuka ziwani, na kwamba yeye ndiye aliye juu, kule yanakotoka maji. Hakujua kuwa yeye naye hutazamwa. Alijiona kwa macho ya dirisha lile: nywele hazijachanwa, leso imelowa, anapiga kelele kuhusu kiatu. Na mtu akitamani hayo.

Watu wakimuuliza baadaye kwa nini alibadili moyo, husema hakumhurumia mtu. Na ni kweli, huruma haikuwa kubwa. Alichohisi ni wivu mpya, mkali kuliko ule wa mume: mwanamke huyu anajua shingo ya sweta. Mpaka lini atakaa pale dirishani akijifanya mama wa Cate? Awe na wake. Awe na wake anayepoteza viatu, anayemnunia, ili aache kuwa Filister.

Aliinua godoro, akatoa fomu. "Vaa viatu," akasema. "Lakini mimi natangulia."

Walikwenda mpaka ofisi ya kampuni wakifuatana, mikayi mbele. Mwanamke wa ofisini aliitwa Gesare, Mkisii mwenye miwani, aliyeisoma fomu polepole mbele yao.

"Mama, kuna mtu amekulazimisha?"

"Mtu gani?" Filister akauliza, na Gesare akaangalia mabega yake, akaridhika.

"Kabla sijatia sahihi," Filister akasema, "niambie. Mume akifa leo, nikishatoka hapa, mimi ni nani?"

"Hii ni ya matibabu tu, mama. Mambo ya kifo yana fomu yake. Anaandika anaotaka wapewe haki zake, hata wawili, hata watano." Gesare alivuta droo, akapekua, akatoa faili la Willis. Akasoma. Akasoma tena. "Hapa ameandika mtu mmoja. Nyarangi."

Nyarangi alikuwa mama mzazi wa Willis. Walikuwa wamemzika miaka sita iliyopita, wake wote wawili wakibeba maji ya matanga.

Wake wawili wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka saba kuwa na hasira moja.

"Yaani mimi nimelalia karatasi mwezi mzima," Filister akasema taratibu, "naogopa huyu atanirithi. Kumbe anayeturithi yuko kaburini."

"Mwite," Millicent akamwambia Gesare, kwa sauti yake ndogo. "Mwite sasa hivi."

Willis aliitwa kutoka uani. Aliingia na grisi mikononi, akawaona wake zake wamesimama bega kwa bega, na rangi ikamtoka. Hakuulizwa mengi. Aliandika Filister, aliandika Millicent, na Filister akamsimamia mpaka aone jina lake liko juu. Kisha yeye naye akavuta ile fomu ya bima, akaandika jina lake pale linapotakiwa kuandikwa ili lifutwe.  

"Na lile faili la Homa Bay," alimwambia Millicent wakitoka. "Uende mwenyewe, useme ni wewe. Sitaki kuitwa tasa na mashine."

Millicent alikwenda. Alikemewa sana, Willis akalipia vile vipimo kutoka mfukoni mwake, na faili likarekebishwa.

Kesho yake asubuhi Filister alitoa debe la mbegu. Alipanda mstari wa kwanza, akapanda wa pili, kila shimo punje mbili. Millicent alisimama mpakani na kikapu chake akingoja. Mstari mmoja ulitosha kutimiza desturi. Filister alipanda sita, bila haraka yoyote, ndipo akainua kichwa na kusema, "Panda basi, kwani nani amekushika?"

Bima ilikubali. Mwezi wa sita Willis na Millicent walianza safari za Kisumu, kwenye kliniki ya kupandikiza. Filister alianza safari za zahanati: kupanga foleni saa kumi na mbili asubuhi, na siku nyingine kuambiwa vidonge havijafika, arudi Jumatatu. Hilo aliliweza. Asiloliweza ni maji. Millicent alikatazwa kubeba vitu vizito, na asubuhi moja Filister alimwona Willis, msimamizi mzima wa malori, anatoka mtoni na mtungi wa lita ishirini, anaupeleka nyumba ya pili. Mimba nne alizobeba Filister, na kila moja aliibeba pamoja na mtungi wake kichwani. Siku hiyo aliomba sala ambayo hakuweza kuirudia kanisani.

Mwezi wa nane sala ikajibiwa. Willis alirudi kutoka Kisumu, akashusha begi, akamwambia kwa ufupi kwamba mimba haikushika. Millicent aliingia kwake, akafunga mlango.

Furaha ilimjia Filister, asiseme uongo. Ilikaa muda wa chai kuchemka. Asubuhi iliyofuata akawaita watoto, Cate akanuna, Lavenda akakosa kiatu, na kama mtu anayetafuta kitu asichojua ni kipi, Filister akageuka kutazama dirisha la pili. Lilikuwa limefungwa. Kesho yake pia. Siku ya tatu alijikuta anapiga kelele za viatu kwa sauti kubwa kuliko kawaida, na dirisha halikufunguka hata kidogo.

Alipika uji wa wimbi, akautia ndimu, akazipita hatua arobaini. Hakubisha hodi.

"Kunywa."

"Sitaki, Mama Jack."

"Sikukuuliza."

Akakaa pale mpaka bakuli likaisha.  Alipotoka aliona mto ni mmoja tu kitandani, na akajua Willis amelala wapi siku zote zile: kwenye kochi la humo sebuleni, akiogopa machozi. Hilo alilihifadhi moyoni kwa matumizi ya baadaye.

Mwezi wa kwanza ulifika tena, na Willis akaja na karatasi, imekunjwa mara nne. Aliinyoosha mezani. "Nimeleta ile fomu. Tukurudishe. Millicent mwenyewe amesema nikurudishe, kwamba amekutesa na foleni bure. Presha yako si ya kuchezea."

Filister aliitazama. Mwaka mzima aliisubiri siku hiyo. Zahanati hawakuwa na vidonge majuma mawili, na kichwa chake kilikuwa kinagonga hata wakati ule.

"Bima inalipa mara ngapi?" akauliza.

"Mara moja kwa mwaka."

"Na huu si mwaka mwingine?"

Willis aliitazama fomu.

"Jina lake likae," Filister akasema. "Hajamaliza."

"Na wewe?"

"Mimi utaninunulia vidonge dukani mwezi ambao zahanati hawana. Hilo moja." Aliikunja fomu, akamrudishia. "La pili, kesho ni Jumapili, huendi kazini. Utaniletea maji kutoka mtoni. Mitungi minne."

"Minne ya nini? Tangi limejaa."

"Mmoja kwa kila mimba. Ulichelewa kidogo, lakini nitapokea."

Asubuhi Willis alishuka mtoni mara nne na kupanda mara nne, shati limemganda mgongoni, mzee Maranga akimsalimia kila safari kama mtu asiyejua kinachoendelea. Filister alikaa mlangoni, mikono juu ya magoti, akimwonyesha pa kuweka. Mtungi wa tatu ulipokuwa unatua, ule wa Lavenda, aliinua macho upande wa nyumba ya pili. Dirisha lilikuwa wazi kidogo, na Nyar Takawiri alikuwa anatazama.

"Taratibu," Filister akamwambia mumewe, kwa sauti ya kufika hatua arobaini. "Usimwage."